Filimbi tatu ndo uende: shajara ya mradi wa mishale na watoto, Kayole

11 Januari

Naanza kuandika leo juu nikingoja kila kitu kikae sawa sitaandika kamwe. Mradi ni kufundisha watoto wa mtaa wetu hapa Kayole kutumia upinde na mshale, miaka 8 hadi 13, bila mtu kuumia. Hiyo ya bila mtu kuumia ndo mradi wenyewe, mambo ya kugonga katikati itakuja baadaye.

Ilianza Disemba shule zikiwa zimefungwa. Watoto wa ploti walikua wanatengeneza pinde na fito na kamba ya manila, mishale ni zile waya za mwavuli ulioharibika, wanazinoa kwa simiti hadi ncha ing'ae. Siku moja natoka dukani na maziwa nikaona mmoja amelenga mwenzake nyuma ya tangi ya maji na ile waya ikapita karibu na jicho, karibu sana, mpaka nikakaa chini kwa ngazi nikashindwa kuongea. Kina mama walikusanya pinde zote wakachoma na kesho yake kukawa na zingine. Ndo nikajua kukataza peke yake haitoshi, hawa watoto wanataka kurusha na watarusha, swali ni watarushia wapi na nani amesimama hapo.

Mimi nimekulia Kitui. Babu alikua na uta ukutani na ziaka ya ngozi, na sisi watoto tuliruhusiwa kushika uta tu, mishale hapana, maana mingine ilikua ya sumu, ncha zimefungwa ngozi. Alikua anasema uta hauelekezwi kwa mtu, ata ukiwa mtupu, ata kwa mchezo. Hiyo nimeichukua vile ilivyo. Hii ingine ya michezo, ya shabaha za rangi, nilijifunza nikiwa chuo.

18 Januari

Nimezunguka wiki nzima natafuta kiwanja. Uwanja wa mpira ni mkubwa lakini watu wanakatiza kila upande, boda pia, siwezi kufunga. Nimepewa uwanja wa nyuma ya kanisa moja, karibu mita 40 urefu, ukuta wa mawe upande wa magharibi na ua wa mabati pande mbili. Wazee wa kanisa waliuliza maswali mazuri kuliko nilivyotarajia, mmoja aliniuliza "na mshale ukipita juu ya ukuta unaenda wapi?" Nikaenda kuangalia. Nyuma ya ukuta kuna kibarabara na mama anauza mboga. Kwa hivyo tutarusha kwa umbali mfupi, shabaha ziko chini, na hakuna mtoto atavuta upinde ukiangalia mawinguni.

Ukuta kuwa magharibi ni bahati, tutakua tunakutana saa tatu asubuhi na jua litakua mgongoni, halitaingia watoto machoni.

Shida iko kwa geti ndogo ya upande wa kulia, watu wamezoea kupitia hapo kufupisha njia kwenda steji. Nimeongea na soja, mzee mmoja mtulivu sana, amekubali kuifunga na kufuli Jumamosi kutoka saa mbili na nusu hadi saa tano.

25 Januari

Pinde. Nimepata nne za mbao na faibaglasi, zimetumika lakini nzima, mbili za paundi 12 na mbili za 14. Kwa wasiojua, hizo paundi ni nguvu unayohitaji kuvuta kamba hadi mwisho. Rafiki yangu alitaka kunipa ya tano ya bure, ya paundi 28, nikakataa. Alishangaa, akasema watoto watakua na nguvu polepole. Mtoto wa miaka tisa hawezi kujifunza na kitu anachopigana nacho.

Nimepitisha pamba kila upinde, juu hadi chini, pande zote. Pamba ikinasa mahali ujue hapo kuna ufa au kijiti kimeinuka. Mmoja ulinasa karibu na mwisho wa chini, kumbe ni rangi imepasuka tu, lakini nimeuweka kando mpaka mtu anayejua zaidi yangu auangalie. Zimebaki tatu na ni sawa, afadhali watoto wapokezane.

Mishale nimechukua mirefu makusudi. Mshale mfupi ndo hatari, mtoto akivuta zaidi ya ulivyo urefu wake, ncha inateleza kutoka pale ulipolazwa na akiachilia unaweza kuingia kwa mkono wake mwenyewe ulioshika upinde. Kwa hivyo kila mmoja akivuta mpaka mwisho nataka nione ncha imebaki mbele ya upinde kama vidole vitatu hivi. Yote ni 12.

1 Februari

Shabaha. Nilienda Gikomba nikanunua matambara, vile vipande vya nguo ambavyo haviuziki tena, nikajaza magunia matatu nikashindilia na mguu mpaka yakawa magumu. Mishale ya ncha butu inaingia vizuri na inatoka bila kuvunja mgongo. Nyuma ya magunia nimetundika zulia kuukuu, zito, refu kuliko mtu, na hapa nilikosea mara ya kwanza. Nililivuta likakaza kama ngoma na mshale ukapita ukagonga ukuta. Zulia linafaa kuning'inia limelegea, mshale ukiligonga liende nalo, ndo nguvu inaisha.

Kosa la pili lilikua kubwa zaidi. Fundi wa jua kali alinitengenezea stendi za chuma, nzuri kabisa, imara. Nikajaribu mwenyewe bila mtoto yeyote hapo. Mshale wa nne uligonga mguu wa stendi na ukarudi, uliruka ukaanguka hatua tatu mbele yangu. Nilisimama hapo naangalia ule mshale nikifikiria kama ningekua nimeanza wiki iliyopita vile watoto walikua wananisukuma nianze. Nimetoa chuma zote, stendi saa hii ni mbao tupu, fundi nimemlipa juu haikua makosa yake.

8 Februari

Siku ya kwanza na watoto, 11 wamekuja. Hakuna aliyerusha mshale leo na walikasirika.

Tumechora mistari miwili na chokaa, mmoja wa kurushia na mwingine wa kungojea, hatua tano nyuma, na kwa kweli kwa mashindano makubwa ya dunia pia mstari wa kungojea unakaa angalau mita 5 nyuma. Alafu filimbi. Mbili, wale wa zamu wanakuja kwa mstari. Moja, unaweza kurusha. Tatu, kila upinde umewekwa chini na mnaenda kuchukua mishale. Tano au zaidi, simama hapo hapo, rudisha kamba polepole, usiachilie. Hizi sio zangu, ndo zinatumika kwa mchezo huu nchi nyingi, na ndo maana nataka wazijue hivyo, siku moja mtoto akienda kwingine asianze upya. Tulicheza nazo saa nzima bila upinde, kama ule mchezo wa kusimama muziki ukizimwa, na wakanogewa.

Baadaye kuvuta. Nimekata tyubu za baiskeli vipande, kila mtoto anasimama miguu wazi ubavu ukiangalia shabaha, mkono wa mbele umenyooka, anavuta mpira mpaka mkono uguse pembe ya mdomo. Mwili uwe kama herufi T. Nikawapima jicho pia, unaunganisha mikono uache katundu, unaangalia kitu cha mbali macho yote wazi, alafu unavuta mikono pole pole mpaka usoni, itaenda yenyewe kwa jicho lenye nguvu. Watatu wanaandika na mkono wa kulia lakini jicho lao ni la kushoto.

Kijana mmoja aliniambia hii sio michezo ya ukweli juu haiko kwa TV. Nikawaambia Rio mwaka 2016, siku ya ufunguzi wa Olimpiki, aliyebeba bendera ya Kenya alikua Shehzana Anwar, na yeye hakua mkimbiaji, alikua mrusha mishale. Wakanyamaza. Nikawaambia kule wanarusha kutoka mita 70 na ile duara ya alama kumi ina upana wa sentimita 12.2, kama sahani ndogo ya chai. Waliniomba tupime mita 70 barabarani. Tulitoka geti ya kanisa tukafika karibu na posho mill, na kale kasichana kadogo kuliko wote kakasimama huko kakaangalia nyuma kimya kwa muda mrefu.

15 Februari

Mishale ya kwanza, mita 5, watoto watatu kwa mstari kila mmoja na mishale mitatu. Nywele zimefungwa, hudi zenye kamba shingoni zimetolewa, hereni pia, viatu vya kufunika vidole. Aliyekuja na patipati alirusha kwa zamu ya mwisho baada ya kuazima viatu.

Nataka kuandika hii vizuri.

Kwa zamu ya pili kijana wa miaka 10 alikua ameweka mshale kwa kamba, hajavuta. Mama yake alikua amekuja na uji, akasimama kwa ua, akamwita jina. Mtoto aligeuka. Hakugeuza kichwa, aligeuka mwili wote, na upinde ukageuka naye, na mshale ukapita ukiangalia wenzake wawili wa upande ule, mmoja baada ya mwingine, mpaka ukamwangalia mama yake. Kamba haikua imevutwa. Nilikua nimesimama hatua mbili nikashika mkono wake nikaushusha, wala sikupiga kelele, sijui nilipata wapi hiyo akili.

Mtoto mwenye adabu akiitwa na mama yake anageuka, tumewafundisha hivyo tangu wakiwa wadogo. Hakufanya kosa. Mama pia hakufanya kosa, aliniambia "mwalimu, mimi sikujua" na macho yamejaa machozi na mimi ndo sikumwambia, mimi ndo nilisahau kwamba wazazi pia wanahitaji kufundishwa. Tulisimamisha siku hiyo hapo. Tulikaa chini tukanywa uji wote pamoja nikaeleza tena pole pole.

Kutoka leo hakuna mtu anaita jina la mtoto aliye kwa mstari. Hakuna, ata mimi, ata kumsifu. Ukitaka kuongea naye unaenda unasimama upande wa bega lake la kuvuta, karibu, unaongea kwa sauti ya chini ukiangalia shabaha pamoja naye. Ukitaka wote, unapiga filimbi. Na mimi sisimami tena nyuma nikiangalia wote, natembea bega hadi bega. Watoto watatu kwa mtu mzima mmoja, nikipata msaidizi tutaongeza.

22 Februari

Wazazi tisa wamekuja, nikawapa wao filimbi kwanza na mipira ya tyubu. Ilikua raha. Mama wa wiki iliyopita amejitolea kusimama kwa mstari wa kungojea kila Jumamosi, na amekua mkali kuliko mimi.

8 Machi

Amejiunga kijana wa miaka 12 ambaye hasikii. Dada yake ndo alimleta akaniuliza kama atakubaliwa, aliuliza kwa sauti ya mtu amezoea kukataliwa. Filimbi zangu zote hazimsaidii na nilikua nimejenga kila kitu juu ya filimbi.

Kwa mashindano wanatumia taa pia, kijani unarusha, nyekundu unaacha. Sina taa lakini niko na leso. Tumeweka mti mbele kando ya mstari, mahali kila mtu anaona bila kugeuza kichwa, nyekundu ikipanda hakuna kinachorushwa, kijani ikipanda endelea. Kwa dharura kila mtu mzima anainua mikono yote miwili na aliye karibu naye anamgusa bega mara moja kutoka nyuma, tulifanyia mazoezi bila mshale mpaka mguso ukawa haumshtui. Mtoto mmoja akauliza, "koch, na kama polisi akisema pita kwa nyekundu?" juu ndo wanaona kila siku kwa raundi abauti ya magari. Nikamwambia hapa hakuna polisi, na mimi pia siwezi kusema pita kwa nyekundu.

Sasa kitu nimeona, leso imesaidia wote. Upepo ukiwa mwingi au matatu ikipita na muziki, filimbi inapotea, leso haipotei. Huyu kijana ndo ametulia kuliko wote kwa mstari pia, anaangalia leso vile wengine hawaangalii kitu.

22 Machi

Kuchukua mishale. Watu wakiniuliza juu ya hatari wanafikiria mshale ukiruka, lakini ukiruka watoto wote wako nyuma ya mstari, wametulia, wanaangalia mbele. Filimbi tatu zikilia ndo wanakua watoto tena. Wanataka kukimbia waone nani amegonga, na mishale iko pale kwa gunia imetoa mikia nje kwa urefu wa macho yao. Mtoto akiteleza akaanguka mbele ni jicho. Leo mmoja alikua anachomoa na mwenzake ameinama nyuma yake aone alama, mshale ulitoka kwa ghafla na mkia ukapita shavuni. Mkwaruzo tu, tumeosha na maji ya chumvi, nimempigia baba yake nikamweleza yote.

Kwa hivyo sasa tunatembea tukitokea upande wa gunia, sio mbele. Wawili kwa gunia, mmoja anachomoa na mwingine amesimama kando, hatua mbili, mikono nyuma. Anayechomoa anaweka kiganja kwa gunia, anashika mshale karibu kabisa na gunia, anaangalia nyuma yake, anasema "nachomoa", ndo anavuta. Mishale inabebwa ncha zikiangalia chini zimefunikwa na mkono.

5 Aprili

Mvua. Huu udongo mweusi ukilowa unabeba mguu mzima na sitaki mtoto ateleze na upinde mkononi. Hakuna kurusha, tumekaa kwa ukumbi tukasafisha mishale na kupaka kamba nta. Nimewaonyesha kwa nini hawaruhusiwi kuachilia kamba bila mshale. Ile nguvu inafaa kwenda na mshale, mshale usipokuwepo inabaki kwa upinde na upinde unaweza kupasuka usoni mwako.

12 Aprili

Tunahesabu mishale kabla na baada. Leo kumi na moja.

Mshale ukikosa gunia chini chini unaingia chini ya nyasi umelala, huuoni ata ukiwa umeukanyaga. Nikawaweka watoto wote kwa ukumbi, mimi na soja na ule mama tukapekua na vijiti, dakika arobaini. Hakuna. Wazazi wengine walitaka kwenda na nikawaomba wangoje, juu mshale ulionolewa na mtoto usiku kwa simiti ndo tulianzia huko. Mwishowe kamoja ka miaka 9 kakaja kakanivuta shati, kameuficha ndani ya sweta. Kalitaka kuuonyesha kaka yake mkubwa ambaye haamini. Alikua analia mpaka anashindwa kupumua.

Sikumchapa wala kumfukuza. Nilimwambia amlete kaka Jumamosi ijayo, na mshale ukarudi kwa ndoo, tukahesabu pamoja naye, kumi na mbili, tukafunga kufuli.

19 Aprili

Kaka amekuja, ako kidato cha pili, amesimama nyuma ya mstari masaa mawili bila kusema kitu. Mwisho akauliza kama tunahitaji mtu wa kushika leso.

26 Aprili

Kale kasichana kadogo kamekua kakirusha juu ya gunia wiki mbili mfululizo, na leo mmoja uligonga ukuta pale juu kabisa, mahali ambapo kidogo tu ungeenda kwa mama mboga. Nilikua nafikiria ni kulenga. Nikasimama ubavuni kwake nikaona, akivuta anaegemea nyuma, kiuno kinaenda mbele, bega la mbele linapanda, na upinde wote unainuka. Anatumia mgongo kwa sababu mikono haitoshi. Alikua anatumia ule wa paundi 14, tulibadilisha kwa zamu na sikuangalia. Mambo niliyosema kwa rafiki yangu Januari nikiwa na kiburi, nimeyafanya mwenyewe na paundi 14.

Nimeazima upinde mwingine wa paundi 10. Mshale wa kwanza ulienda kwa gunia, wa pili kwa gunia. Hakuruka wala kupiga makofi, aligeuza kichwa tu, kichwa peke yake, upinde ukabaki mbele, akanitafuta na macho. Nimeandika majina ya wote kwa karatasi, kila mtoto na upinde wake, hakuna kubadilisha bila mimi.

10 Mei

Tumekua mita 8 kwa wiki mbili na leo tulijaribu 10. Zamu ya nne, watoto watatu wamevuta, mbwa akaingia kupitia tundu kwa mabati, akatembea pole pole mbele ya magunia kama ako kwake. Nilipeleka filimbi mdomoni na kabla sijafika ya tatu pinde zote zilikua zimeshuka. Kijana asiyesikia alikua wa kwanza, alimwona mbwa kabla yangu, akarudisha kamba pole pole na vidole bado vimeshika, alafu akainua mikono yote miwili kuambia wengine. Kale ka miaka 9 ka mshale wa sweta kalikua katikati, mikono inatetemeka lakini hakuachilia.

Mbwa akalala kwa zulia. Soja akaja akamtoa, na kaka mkubwa alikua ameshikilia leso nyekundu juu kwa mikono miwili muda huo wote, ata baada ya mbwa kutoka, mpaka nilipoenda kumwambia anaweza kuishusha.

Tundu limezibwa na kipande cha mabati, misumari nimekunja ndani. Nyasi zimerefuka na mvua na mishale miwili leo ilituchukua muda kuipata, kwa hivyo Jumamosi ijayo tunarudi mita 8 mpaka zikatwe. Nahitaji kinga za mkono, watoto wanne wamepigwa na kamba ndani ya kiwiko, saa hii tunatumia soksi ndefu zilizokatwa na kipande cha plastiki ya mtungi ndani. Ule upinde wa nne bado uko kando.